Mwaka Mama Alipoutoa Moshi Jikoni

Sifa ni zake Mungu aliyenifikisha umri wa kukaa kitini na kuwatazama wengine wakifanya kazi. Ametupa moto wa kupikia na watu wa kula nao, na hata pale alipochukua, hakutuacha mikono mitupu. Kwa kumshukuru yeye naanza, maana haya ninayotaka kusimulia niliyaona nikiwa mtoto mdogo, na imenichukua karibu maisha yangu yote kuyaelewa.

Juzi fundi alibomoa kipande cha ukuta jikoni kwangu, hapa Mbeya. Watoto wangu wameamua kwamba Krismasi hii wote watakuja kwangu, wao na wenzi wao na wajukuu, na jiko langu limezeeka, haliwezi kuwabeba watu wote hao. Ni Krismasi ya kwanza tangu tumzike baba yao. Walitaka wachange waniwekee jiko jipya kama yale wanayoyaona kwenye simu zao. Nikawaambia hapana, tutafanya kwa kilichopo. Kabati za zamani zitapigwa msasa na kupakwa rangi. Sinki nimelipata kwa mtu aliyekuwa akibomoa nyumba yake. Vigae vitawekwa pale tu maji na mafuta yanaporukia. Fundi alikubali huku akicheka, akamwagia ukuta maji ili vumbi lisipande, kisha akapiga nyundo kwenye kona niliyokuwa nikipikia kwa kuni zamani tulipohamia. Lipu ikadondoka, na nyuma yake ukuta ulikuwa bado mweusi. Harufu ya masizi yaliyolowa ikajaa chumbani. Nikajifuta macho.

"Mama, vumbi limekuingia machoni?" fundi akaniuliza.

"Hapana, baba. Endelea na kazi."

Masizi yaliyolowa ndiyo harufu ya jikoni kwa Bibi.

Kwetu ni ndani ndani. Unashuka kwenye gari pale Nyololo, halafu unatembea kuelekea vilimani hadi miguu yenyewe ikuombe upumzike. Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chai, akija nyumbani mara chache, kwa hiyo mimi na Mama tuliishi na Bibi aliyemzaa Baba. Jiko la Bibi lilikuwa kibanda cha miti na udongo kilichosimama peke yake nyuma ya nyumba, kimeezekwa kwa nyasi. Dirisha halikuwepo. Mafiga yalikaa katikati, na juu yake palikuwa na kichanja cha mianzi kilichoning'inizwa mahindi ya mbegu. Moshi ulitoka kwa kujipenyeza kwenye nyasi, tena ukipenda; usipopenda, ulibaki. Kuta zilikuwa nyeusi na zinang'aa kama zimepakwa lami, na kutoka darini zilining'inia nyuzi za masizi ambazo mimi nilidhani ni nywele za jiko.

Humo ndimo Bibi alimoshinda. Tangu Babu afariki, aliingia jikoni kabla kuku hawajashuka, na kama hakuwa na cha kupika alichochea moto tu. Nilipoingia nilimkuta kwenye kigoda chake, macho mekundu, machozi yanamteremka hadi kidevuni, anajifuta kwa pindo la kanga.

"Bibi, unalia?"

"Moshi, mjukuu wangu. Hizi kuni za miwati ni mbichi. Hebu niletee zile kavu."

Nilileta zile kavu. Kesho yake machozi yakawa yale yale. Nikajua basi kwamba moshi ule una chuki na Bibi, na kila tulipoomba kabla ya kulala niliongeza la kwangu mwishoni: Bwana, uutoe moshi kwenye macho ya Bibi. Mama aliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko yangu.

Nieleze kidogo kuhusu Babu. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kuheshimiwa, na siku ya maziko yake wazee wenzake walimsogelea Bibi mbele ya watu wakamwambia, "Mama, wewe ni mke wa mzee wa kanisa. Watu wanakutazama wewe. Usilie kama watu wasio na tumaini." Nilikuwa nimeshika kanga yake, nikayasikia maneno hayo vizuri. Bibi aliitika kwa kichwa. Hakulia, wala kanisani wala kaburini. Watu waliisifu imani yake kijiji kizima, nami nikatembea kifua mbele kwa sababu aliyekuwa akisifiwa ni bibi yangu.

Krismasi ya kwanza bila Babu ilikuja na mvua. Ukoo wote ulikusanyika kwetu kama ilivyokuwa desturi. Shangazi Salome, dada yake Baba, alitoka Igawa na familia yake, na safari hiyo alimleta mama mkwe wake apaone alikozaliwa yeye Shangazi. Baba mdogo Elia alitoka Makongolosi kwenye machimbo ya dhahabu, na koti ambalo halikumtosha. Mama alikuwa akipika wali. Paa likaanza kuvuja, maji yakapita kwenye masizi, na wakati Mama anafunua sufuria ili amwonyeshe mgeni chakula kilivyoiva, donge jeusi likadondoka kutoka darini likaingia katikati ya wali mweupe. Likachuruzika pande zote kama wino.

"Wifi," Shangazi akasema, "huu ni wali au dawa ya kienyeji?"

Watu wakacheka. Mama mkwe wake alicheka pia, kwa adabu, akiwa amefunika mdomo, na hicho ndicho kicheko kilichouma. Mama aliyachota yale meusi akayaweka kwenye sahani yake mwenyewe. Nilimwona akiyala bila kukunja uso.

Jioni, watu walipokaa sebuleni, Shangazi akasema, "Mimi naona mwakani tule kwangu Igawa. Kwangu kuna bati, kuna nafasi, na mchele uko mlangoni."

"Na Mama?" Baba mdogo akauliza. Nyonga za Bibi zilikuwa zimekwisha. Hata kanisani alikuwa anafika kwa kupumzika njiani. Kufika Nyololo hakungewezekana, sembuse Igawa.

"Mama tutamletea chakula."

"Kutoka Igawa? Kitafika kimekuwa togwa."

Hakuna aliyecheka. Bibi alikuwa akitazama mikono yake. Nilimtazama Baba nikitegemea aseme neno, lakini Baba alikuwa akitazama viatu vyake, maana alijua hana kitu cha kutoa. Ndipo Mama, ambaye alikuwa ameolewa tu katika ukoo ule na hakuwa na desturi ya kunyanyua sauti mbele ya mawifi, akasema kutoka mlangoni alikokuwa amesimama na beseni, "Mwakani mtakula hapa."

"Kwenye jiko gani, wifi?"

"Hapa."

Baba mdogo akakata shauri. "Basi. Krismasi ijayo tukilikuta jiko liko hivi hivi, sikukuu inahamia Igawa. Tukikuta limebadilika, inabaki kwa Mama." Wote wakakubali. Nikaelewa kitu kimoja tu: Mama asipoweza, Bibi atakula Krismasi peke yake.

Mama hakuwa na fedha, na hakupoteza muda kuziwaza. Mavuno yalipokwisha na kiangazi kikaingia, alikwenda kwa waliokuwa wanachoma matofali ya kanisa akaomba kuwabebea maji. Alibeba kutoka bondeni, ndoo baada ya ndoo, na malipo yake yakawa yale matofali yaliyopinda na kuvunjika kwenye tanuri ambayo hakuna aliyeyataka. Mwenye duka mmoja pale Nyololo, Mhindi mzee aliyependa viazi vya kwetu, alimpa madebe matupu ya mafuta kwa kikapu cha viazi. Mama aliyapasua akayanyoosha kwa jiwe, akayakunja yakawa bomba. Udongo mweupe wa kupaka kuta aliuchimba kwenye ukingo wa mto, na kazi ya kuutwanga na kuuchekecha akanipa mimi. Niliifanya kwa nguvu zangu zote. Mimi nilikuwa naona sala yangu inajibiwa.

Aliyepinga alikuwa Bibi.

"Mkwe wangu, moshi ndio mlinzi wa mbegu. Ukiutoa, fukusi watasherehekea kabla yetu."

"Tutazichanganya na majivu, mama."

"Na paa je? Nyasi zisizopata moshi mchwa hawaziachi."

"Tutaezeka upya. Nyasi si tatizo, mama, ziko nyingi bondeni."

"Na baridi ya huku? Mafiga yananipasha mifupa."

"Jiko la udongo linatunza moto kuliko mafiga. Utaona."

"Una jibu la kila kitu wewe."

"Sina, mama. Ila Krismasi inakuja."

Mambo yote aliyoyasema Bibi yalikuwa ya kweli, na ndiyo maana hakuna aliyeshuku kwamba kuna lingine nyuma yake. Sisi tuliona ni uzee. Mzee huzoea kitu chake.

Siku ya kukanda udongo Mama aliwaalika kina mama wa jirani, nao wakaja na majembe na watoto mgongoni. Tulikata nyasi kavu vipande vidogo, tukachanganya na udongo na samadi ya ng'ombe, tukaukanyaga kwa miguu huku tukiimba. Aliyekuwa anaongoza utani ni Bibi Eda, mjane wa nyumba ya pili, rafiki wa Bibi tangu ujana wao. Yeye hakukanyaga udongo. Alikaa pembeni na kikombe.

"Kamwene, Mama Yusta! Togwa tu? Kwa wengine tungekuta pombe ya ulanzi."

"Ulanzi ungekulaza, Bibi Eda, na mimi nataka kazi."

"Kazi gani? Kukaa hapa ndiyo kazi yangu." Akalitazama lile bomba la madebe lililolala kwenye majani. "Hivi kweli moshi utapanda humu utokee juu? Jamani! Mama Yusta anajenga kiwanda cha chai!"

Kina mama walicheka hadi mmoja akateleza akakaa kwenye udongo. Kutoka siku ile jiko letu likaitwa Kiwandani. Mtu akipita njiani alikuwa anapaza sauti, "Habari za Kiwandani? Mmeanza kusaga chai?" Mama alijibu, "Mashine inakuja," akaendelea na kazi.

Jiko likasimama. Lilikuwa la kupikia ukiwa wima, lenye matundu ya sufuria, kwa nyuma yake bomba likitoboa ukuta na kutokea nje. Mama aliezeka paa upya, akafungua dirisha, akaliwekea mianzi. Akakwangua kuta, nywele zote za jiko zikaanguka, tukazibeba kwa ungo hadi shambani. Ulipokauka udongo, akawasha moto wa kwanza mbele ya watu.

Moshi uliingia kwenye bomba, ukafika mdomoni mwake, ukarudi. Ukarudi wote. Ule upepo unaoshuka kutoka vilimani kwetu, ambao kila mtu anaujua na kila mtu alikuwa ameusahau, ulikuwa unapuliza moja kwa moja kwenye mdomo wa bomba. Watu wakatoka wakikohoa.

"Kiwanda kimegoma!" Bibi Eda akasema.

Mama alikaa chini nje ya mlango, mikono imejaa udongo mkavu. Mawingu ya mvua za kwanza yalikuwa yameanza kukusanyika. Nilichungulia ndani nikamwona Bibi. Alikuwa ameingia wakati wengine wanatoka, amekaa kwenye kigoda chake katikati ya moshi ule, kanga imefunika kichwa, ametulia kama mtu aliyerudi nyumbani kutoka safari. Nilitaka kumwita Mama aone. Lakini Mama alikuwa ameshasimama.

"Yusta, lete jembe dogo."

"Unafanya nini, Mama?"

"Nalibomoa."

Alibomoa nyuma ya jiko, akahamishia bomba upande wa pili ambako paa linakinga upepo, akaliinua hadi likapita kilele cha nyasi, akalivika kofia ya bati. Mvua za kwanza zilimkuta juu ya ngazi, na sisi chini tumeshikilia turubai juu ya udongo mbichi. Alipowasha tena hakuita mtu. Tulikuwa mimi naye. Tulisimama nje tukitazama juu, na baada ya muda ukatoka uzi mwembamba wa moshi, ukajikunja, ukaenda zake. Mama alinishika kichwa akanikandamizia tumboni kwake, na nilisikia tumbo lake likicheka.

Ndani palikuwa na hewa. Kuta zilikuwa nyeupe, mwanga ukiingia dirishani ukaangukia hadi kwenye kona ambazo hazijawahi kuonana na jua. Nilikimbia kumleta Bibi. Akaingia akiegemea fimbo, akaketi kwenye kigoda. Akazitazama kuta, akalitazama dirisha, kisha akanitazama mimi niliyekuwa ninamtazama.

"Ni pazuri," akasema. "Mungu akubariki, mkwe wangu."

Akainuka, akachukua fimbo yake, akaenda kwa Bibi Eda.

Akaenda kesho yake pia. Ikawa ndiyo desturi. Mtu ambaye hata kanisani alifika kwa kupumzika njiani alivuka shamba zima la mahindi kila asubuhi kwenda kukaa kwenye jiko la jirani, jiko lililokuwa jeusi na la moshi kuliko letu la zamani. Mama aliona. Hakulalamika, ila nilimsikia akigonga vyombo kwa sauti kubwa kidogo kuliko kawaida. Siku moja akanituma, "Kamwambie bibi yako uji uko tayari."

Niliwakuta wote wawili wamekaa kimya mbele ya moto wa kuni mbichi. Sikuweza kuona nyuso zao hadi nilipochuchumaa. Machozi ya Bibi yalikuwa yanateremka kama zamani.

"Bibi, kwa nini unakuja kwenye moshi? Si Mama ameshakutolea?"

Bibi Eda, ambaye hakukosa neno siku zote, aliutazama moto. Bibi akajifuta. "Tangulia, Yusta. Nakuja."

Nilirudi mbio na habari. "Mama, Bibi anapenda moshi! Nimemwona. Anaufuata kwa Bibi Eda."

Mama alikuwa anapaka ukuta udongo mweupe kwa mara ya pili. Mkono wake ulisimama. Nilidhani atalia, lakini akachovya tena kitambaa kwenye ndoo. "Hata akilikataa jiko langu," akasema, "Krismasi hatakula peke yake."

Krismasi ikafika, ndugu wakaja. Walitembea kutoka Nyololo kwenye matope, Shangazi amebebesha wanawe mchele, Baba mdogo amevaa koti lile lile. Baba alikuwa amefika siku moja kabla yao, amezunguka jiko huku na huku akilipapasa bomba kama mtu anayenunua ng'ombe. Matunda ya mafyulisi yalikuwa yameiva, watoto wakapanda miti. Shangazi hakukaa hata kunywa maji. Aliingia jikoni moja kwa moja. Alitazama paa. Alitazama jiko, akainama akachungulia panapoingia kuni. Kisha akapitisha kidole ukutani, akakitoa nje kwenye mwanga akakitazama. Kilikuwa cheupe.

"Mh," akasema. "Wifi."

Mama alisubiri.

"Nipe mwiko. Nyama yako inashika."

Mvua ikaanza, kubwa kuliko ya mwaka uliopita, na hakuna tone lililoingia. Wanawake wote wakaenea humo ndani, na kwa kuwa palikuwa na joto na pakavu, wanaume nao wakaanza kusogea mlangoni, mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake. Mmoja tu alikosekana. Bibi alikuwa chumbani kwake, anasema amechoka.

Mama akajifuta mikono akamfuata. Nilimfuata Mama.

"Mama," alimwambia Bibi, "chakula hakiwezi kutoka jikoni hujaonja chumvi. Hiyo ndiyo desturi niliyoikuta hapa. Ulinifundisha wewe."

Bibi alivuta kanga yake begani. Akanyoosha mkono, Mama akamwinua.

Wakampisha hadi kwenye kigoda chake karibu na jiko. Alionja mchuzi, akaomba chumvi kidogo. Alionja maharage, akasema yako sawa. Shangazi alikuwa ameshapakua wali, anakwangua sufuria, na ule ukoko wa rangi ya kahawia ukaanza kubanduka mzima mzima, unanukia. Sasa, Babu alipenda ukoko. Kila Krismasi alikuwa anakuja mlangoni pa jiko na sahani yake mwenyewe, mzee mzima, kuuomba. Mwaka uliopita wali uliharibika, na hakuna aliyekwangua sufuria. Shangazi akauinua ukoko kwa mwiko, akageuka mlangoni, na mdomo ukasema wenyewe kama ulivyozoea:

"Ukoko wa Baba huu hapa."

Mkono wake ukabaki hewani. Bibi alikuwa bado ameshika kijiko cha kuonjea, na machozi yakaanza. Akatafuta pindo la kanga.

"Moshi huo, Mama, eh?" Shangazi akasema haraka. "Umekuingia. Sogea huku, Mama, sogea."

Nami, ambaye nilikuwa nimetwanga ule udongo mweupe kwa mikono yangu, ambaye niliusubiri mwaka mzima ushuhuda wa sala yangu, sikuweza kuacha Mama avunjiwe heshima hivyo. Nikasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Shangazi, hakuna moshi! Mama aliutoa wote! Tazama!" Na nikanyoosha kidole kuelekea bomba.

Watu wote walitazama bomba. Kisha wakatazama hewa, ambayo ilikuwa safi hadi darini. Kisha wakamtazama Bibi, akiwa amekaa pale kwenye mwanga wa dirisha, na uso wake wote unaonekana.

Bibi akaliachia pindo la kanga.

"Mtoto amesema kweli," akasema. "Hakuna moshi."

Akalia. Alilia kwa sauti, kilio ambacho kilikuwa kimengoja tangu makaburini, akimwita Babu kwa jina lake la ujana ambalo sisi watoto hatukuwahi kulisikia. Shangazi aliutupa mwiko na kumkumbatia. Baba mdogo alivua kofia, na Baba aliyekuwa nyuma yake akaweka paji la uso kwenye mwimo wa mlango. Niliogopa, nikadhani nimevunja kitu kikubwa, nikaanza kulia nami. Bibi mwenyewe ndiye aliyenivuta akaniweka mapajani.

Walipotulia, Bibi akamshika Mama mkono. "Jiko lako lilinikimbiza, Mama Yusta. Lilikuwa na mwanga mno. Sikuwa na mahali pa kulilia."

"Sikujua, mama."

"Ungejua, ungeliacha?"

Mama alifikiri. Alikuwa mtu wa kweli, hakujibu upesi ili kumpendeza mtu.

"Hapana," akasema. "Ningelijenga. Lakini ningekuja kukaa na wewe kule kwa Bibi Eda."

Bibi akaanza kucheka ndani ya machozi, akajifuta kwa kiganja, waziwazi. "Haya, huo ukoko unapoa. Ugaweni."

Tuligawana, kila mtu kipande chake, hadi wanaume mlangoni. Nikatumwa kwenye mvua na kipande kimoja, nimekifunika kwa sahani, kumpelekea Bibi Eda, naye alikipokea akanitazama usoni akasema, "Amelia?" Nikasema ndiyo. "Afadhali," akasema. "Kuni zangu zilikuwa zinakwisha."

Jioni Baba mdogo alimtazama dada yake. "Eh, Salome. Igawa au hapa?"

"Usiniulize mambo ya kijinga," Shangazi akamjibu. "Mwakani naleta mchele zaidi. Ukoko haukutosha."

Sikukuu ilibaki kwa Bibi. Alikula nasi Krismasi zote alizojaliwa baada ya hapo, kwenye kigoda chake, karibu na jiko. Kwa Bibi Eda aliendelea kwenda, lakini kwa mazungumzo.

Nilipokua nikafundishwa Neno, nikawafundisha na wengine, nimewafikiria sana wale wazee wa siku ya maziko. Hawakuwa wabaya. Walimpenda Babu na walitaka kulilinda jina lake. Ila walisahau kwamba Bwana wetu mwenyewe alisimama kwenye kaburi la rafiki yake akalia mbele ya watu, naye alikuwa anajua kabisa atakalolifanya dakika chache baadaye. Tumaini halikumkataza machozi. Mama yangu, ambaye elimu yake ya dini ilikuwa ile ya kusikiliza kutoka benchi la nyuma, alijua tu kwamba mtu asiachwe ale peke yake, akalishikilia hilo kwa udongo na madebe hata pale yule aliyekuwa anampigania alipomkimbia.

Fundi amekwisha kupiga lipu. Jana aliniuliza kama dirisha la jikoni tulipunguze ili tupate nafasi ya kabati. Nikamwambia aliongeze. Binti yangu alipokuja kuona kazi alikikuta kigoda karibu na jiko la gesi, akasema, "Mama, hicho kitazuia njia siku watu wakija." Nikamwambia watapita pembeni. Krismasi nitaketi hapo nionje chumvi, na wali nitauacha ushike chini. Najua siku ile baba yao atanijia moyoni, na wajukuu watakuwa wananitazama. Nikilia, sitawaambia ni vitunguu.

Nawe uliyenisikiliza hadi hapa, Mungu akupe jiko lenye nafasi ya watu wako wote, hata kama ni la vipande vya matofali. Akupe mkaidi mmoja wa kukupigania siku unapokimbia, na mtoto wa kusema kweli mbele ya watu. Na machozi uliyoyaficha, akupe mahali penye mwanga pa kuyalilia, kisha ayafute kwa mkono wake mwenyewe. Amina.